Maestro Aingia Moscow

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Vita vimeanza. Si mimi niliyevitaka.

Jumapili ijayo ni sikukuu ya Kristo Mfalme, na Monseigneur, askofu wetu, anakuja parokiani kwetu hapa Kikula kutoa kipaimara. Kanisa litajaa mpaka uani. Nani atasimama mbele ya kwaya na kuinua mkono? Mimi, Symphorien, maestro tangu binti yetu Tina hajaota meno. Halikuwa swali. Leo Mama Émérence, présidente wa kwaya, amelifanya kuwa swali. Amesema wiki hii tumsikilize na Jean-Claude, halafu kamati iamue Jumamosi.

Jean-Claude! Amehamia hapa Likasi juzi juzi tu. Ana kinanda cha umeme, ukibonyeza kitufe kinajipigia ngoma chenyewe. Muziki alijifunzia Mulungwishi, kwa Wamethodisti. Mkatoliki aliyefundishwa na Wamethodisti amwimbishie Monseigneur! Nimemweleza Mama Émérence hatari hiyo. Akanijibu kwamba noti ni noti.

Lakini kinachoniuma si hicho. Mke wangu Angèle, anayeimba sauti ya pili, alipiga makofi. Miaka yote hii ameimba akiutazama mkono wangu. Ndivyo tulivyofahamiana, yeye akiutazama na mimi nikijifanya sioni. Leo alikuwa anatazama vidole vya Jean-Claude. Nimeumia, naandika wazi.

Faraja imetoka kwa Mama Orpa, anayekaanga vitumbula pale kona. Amepata sijui wapi kitabu kinene cha Kifaransa kuhusu vita mashuhuri vya dunia, naye anakichana ukurasa mmoja mmoja kufungia vitumbula vyake. Wangu wa leo ulimhusu Napoleon. Mwaka 1812 aliingia Moscow. Milango wazi, hakuna wa kumpiga! Akakaa katika jumba la mfalme akingoja Warusi waje kusalimu amri. Hapo ukurasa ukaisha. Lakini unatosha kabisa. Mtu akishaushika mji mkuu, kimebaki nini?

Kesho naikalia salle, ukumbi wetu wa mazoezi, kabla ya mtu yeyote.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Nimefunga karakana yangu ya kuchomelea vyuma mapema. Mlango wa chuma wa Papa Kalombo utangoja, ameshazoea kungoja. Nimeingia salle mchana, nikakaa kwenye kiti cha maestro, fimbo mkononi. Milango wazi, hakuna wa kunipiga! Nikangoja wasalimu amri.

Saa ya mazoezi ikafika. Hakuna mtu. Nikaona vizuri, wameogopa. Saa ikapita. Nikaona wameogopa sana. Mvua ikaanza, na bati la salle lina tundu juu ya kiti cha maestro. Nikasogeza kiti. Tundu lingine. Sikuondoka. Napoleon hakuondoka.

Kumbe kwaya nzima ilikuwa sebuleni kwa Jean-Claude. Mama Émérence alikuwa ameandika kwenye groupe ya WhatsApp kwamba salle inavuja. Mimi nilijitoa kwenye groupe jana kwa hasira. Angèle alirudi mkavu, akaenda jikoni akiimba Gloria mpya ya Jean-Claude. Nilimwuliza kwa nini hakunionya.

“Papa Tina, nilikuambiaka asubui,” alisema. “Ulikuwa unasoma karatasi ya bitumbula.”

Nina mafua. Hata hivyo mji mkuu ni wangu. Watu tu ndio hawakuwamo.

Jumatano, tarehe 19 Novemba

Nimeenda kwa Mama Orpa kuomba ukurasa unaofuata ule wa Moscow, nijue Napoleon aliletewa nini. Amesema ulienda jana na mchimbaji mmoja, akajifutia mikono. Nikaomba kununua kitabu chote. Alinitazama kama mtu aliyeomba kununua kikaango.

“Minye nauzisha bitumbula, Papa Sympho, hapana bitabu. Nikikupa yote, kesho nitafungia mu nini?”

Nikamwuliza kama Tabora imo. Babu yangu alitembea hadi Tabora mwaka 1916, sanduku la risasi kichwani, nyuma ya askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji. Akapekua. Tabora haimo. Nikamwuliza kama imo vita ya hapa hapa Likasi ya mwaka 1961, ya Katanga na askari wa Umoja wa Mataifa, ambayo wazee bado wanaibishania. Haimo. Kitabu kizito namna ile na sisi hatumo! Mama Orpa akanishauri nisali, tena nikafanye hivyo kwa mchungaji wake.

Ikabidi ninunue vitumbula, na vingine tena, mpaka ukurasa mzuri utoke. Ulitoka wa vita vya Cannae, Hannibal dhidi ya Warumi. Warumi ni wengi mno, wamejipanga katikati kwa unene wa ajabu, wanasukuma. Wale wa Hannibal walio katikati wanarudi nyuma. Wanarudi nyuma! Warumi wanasonga mbele wakipiga kelele za furaha. Mwisho wa ukurasa.

Nimemtafuta Rolly, mpiga ngoma wetu, mtu wa mwisho aliye upande wangu. Nimempa cheo cha koloneli. Akauliza kama kuna chakula. Nimempa vitumbula vyote vilivyobaki, maana tumbo langu limeanza kulalamika.

Alhamisi, tarehe 20 Novemba

Mazoezi yamefanyika salle, matundu yamezibwa kwa plastiki. Nimefika na mpango kichwani. Sauti ya nne, wanaume wote wazito, nimewapanga katikati kwa unene, Rolly na ngoma yake mbele. Sauti ya kwanza nimeisukumia kushoto. Sauti ya pili, pamoja na Angèle, nimeisukumia kulia, wasituzibie njia. Jean-Claude nilimwomba asogee kidogo na kinanda chake. Akasogea. Nikamwomba tena. Akasogea tena, mpaka mlangoni. Anarudi nyuma, neno kwa neno!

Tukaanza Gloria yangu ya zamani. Wanaume wakasukuma. Kwa muda wa mistari miwili tulikuwa tunashinda, na sitakubali mtu aseme vingine. Kisha kina mama wa kushoto wakaingia na Gloria mpya. Wa kulia wakaitikia. Kinanda kikapiga kutoka mlangoni, nyuma yetu. Hapakuwa na pa kutokea. Wanaume wakaanza kuhamia wimbo mpya, mmoja mmoja. Koloneli alikuwa miongoni mwa wa kwanza, akaondoka na ngoma. Mwishowe niliimba peke yangu katikati ya salle, na maneno nilikuwa nimekosea.

Angèle alicheka. Si kwa ubaya, kicheko chake nakijua. Kimeniuma vilevile. Mama Émérence aliniuliza kwa upole kama ninaumwa. Nikasema ni mafua.

Warumi bila shaka walijipanga upya na kushinda. Mimi sikupewa muda.

Jumamosi, tarehe 22 Novemba

Siku ya kamati. Asubuhi Mungu amenipa ukurasa wa mfalme Xerxes wa Uajemi, pale Salamis. Merikebu zake hazihesabiki. Wagiriki, wachache, wamejificha katika mlango mwembamba wa bahari. Xerxes anaweka kiti chake cha enzi juu ya kilima ili aone kila kitu, anaamuru merikebu zote ziingie pamoja. Mwisho wa ukurasa. Nikaona kosa langu la Alhamisi. Nilikuwa chini, mtu hawezi kuongoza vita akiwa chini.

Nyuma ya salle kuna kichuguu, kirefu kuliko paa. Nimepandisha kiti cha maestro juu yake. Jean-Claude hupitisha kinanda kwenye ule ujia mwembamba kati ya ukuta wa salle na ukuta wa mapadri. Nimemsamehe Rolly, nikamtuma na wanaume wanne na ngoma zote mbili. Waingie ujiani wote pamoja kutoka upande wa pili, wamzuie Jean-Claude kwa heshima, kamati inisikilize mimi kwanza na ichoke.

Kutoka juu niliona kila kitu. Niliona ngoma kubwa ikikwama kati ya kuta mbili. Niliona wanaume walioko nyuma wakiendelea kusukuma, maana niliwaamuru wasukume. Niliona miguu ya Rolly chini ya ngoma. Niliona Jean-Claude akilaza kinanda chake juu ya kitambaa, akivua koti, akimvuta Rolly nje taratibu. Wote wakamshukuru. Nilitaka kushuka nitoe amri mpya, lakini kichuguu kimelowa kwa mvua za wiki hii. Mguu mmoja wa kiti ukazama, nikashuka pamoja na kiti.

Kamati imeamua. Kesho ni Jean-Claude. Mimi nitaimba sauti ya nne, mstari wa nyuma.

Angèle amenikanda kiwiko kwa maji ya moto na chumvi. Hakucheka. Alisema, “Papa Tina, imba tu. Sauti yako iko muzuri.” Kesho Monseigneur atakuja, na mke wangu ataimba akimtazama mtu mwingine. Machozi yalinitoka kidogo. Nimesema ni chumvi.

Jumapili, tarehe 23 Novemba

Kristo Mfalme. Watu mpaka barabarani, watoto wa kipaimara wote wamevaa nyeupe. Nimesimama nyuma na kitenge cha kwaya, kiwiko kimefungwa.

Jean-Claude aliongoza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye kinanda. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayeusoma: ilikuwa nzuri. Tukaingia Gloria. Katikati ya Gloria, courant ya umeme ikakatika.

Kinanda kikafa. Micro zikafa. Jean-Claude akabaki na mkono hewani, na hapo nikagundua kwamba mapigo yote alikuwa anayapata kwenye kile kitufe. Kwaya ikayumba. Saa yangu! Nikainua mkono, ule mzima, kutoka mstari wa nyuma. Jean-Claude naye akauinua wake zaidi. Mikono miwili, miendo miwili. Nusu ya kina mama wakaniangalia mimi, nusu yeye. Monseigneur akageuza kichwa.

Ndipo nikasikia kiganja kikipiga juu ya kitabu cha nyimbo. Pa. Pa. Pa. Angèle. Hakusogea mbele, hakuinua kitu. Alipiga kitabu na kuimba sauti yake ya pili vilevile anavyoimba akiosha vyombo. Rolly akaufuata mkono wake kwa ngoma. Kisha sauti ya kwanza. Kisha wote. Jean-Claude akashusha mkono. Na mimi nilishusha, sikumbuki lini.

Nikaimba. Nilitazama kiganja cha mke wangu na kuimba, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hofu kwamba wimbo utaanguka. Kumbe ndivyo wao walivyokuwa wanasikia miaka yote, huku mimi mbele natoka jasho! Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Baada ya misa Monseigneur aliuliza maestro ni nani. Mama Émérence akamwonyesha Angèle, akaongeza kwamba kuanzia leo ndiye. Jean-Claude akapiga makofi. Mimi nikapiga makubwa zaidi, ulizeni yeyote. Njiani nilimbebea mkoba na kitabu chake. Aliniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana, na haukuwa uongo.

Jumatatu, tarehe 24 Novemba

Vita vimekwisha. Nimeamka na moyo mweupe, nimefungua karakana, nimemaliza mlango wa Papa Kalombo. Hakuamini, akaugonga mara kadhaa.

Kisha njaa. Nilienda kwa Mama Orpa kwa ajili ya vitumbula tu.

Napoleon tena! Kumbe Moscow alitoka salama, nilijua. Sasa ni mwaka 1815, yuko Ubelgiji, mahali panapoitwa Waterloo. Ni asubuhi. Anakula na majemadari wake. Wengine wana wasiwasi, wanasema adui si wa kuchezea. Yeye anawaambia kwamba jemadari wa Waingereza hajui kazi, na kwamba kazi ya leo haizidi chakula cha asubuhi. Ukurasa umeishia hapo, sahani bado ziko mezani. Huyo ndiye mtu! Ametulia, anakula.

Nimefikiri, bila chuki yoyote. Angèle ni maestro mzuri, lakini ni mpya. Noeli inakaribia, na Noeli inahitaji mkono wenye uzoefu. Halafu sijawahi kupata adui ninayemjua hivi. Najua anaamka saa ngapi, najua anapoweka fimbo, najua kwamba ananiamini kabisa. Kambi yake haina mlinzi, na mimi tayari nimo ndani. Nimemrudishia Rolly cheo cha koloneli. Jean-Claude nimemwomba awe mshirika wangu. Amecheka mpaka akashika ukuta. Nachukua hiyo kuwa ndiyo.

Angèle amepita sasa hivi. Ameweka chai mbele yangu na sahani ya vitumbula, akauliza naandika nini. Nimesema ni hesabu za karakana. Amenishika bega, akaniambia, “Kula kwanza, Papa Tina, isipoe.”

Nakula. Sina haraka. Kazi yenyewe haitazidi hiki kikombe.