Meneja Hajawa Mkubwa Kiasi Hicho

Jumatatu, 20 Oktoba

Mugenzi kanitusi sebuleni kwangu mwenyewe! Mugenzi wa nyumba ya mkabala, yule mwenye visamaki ishirini vya rangi rangi na taa za buluu. Kaja kuomba chumvi, kaona tangi letu la kioo, kasimama. Kisha kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Cyprian, hii samaki imemaliza nyumba."

Imemaliza nyumba! Meneja ni kambare mwenye adabu zake. Binti yetu Kaze alimleta miaka mitatu iliyopita, mdogo kama kidole, kwa ajili ya somo la sayansi. Kaze sasa yuko shule ya bweni, kamsahau. Mimi sijamsahau. Nikirudi kutoka ofisini ananipungia masharubu. Wapo watu wazima katika ukoo wangu ambao hawajawahi kunipokea hivyo.

Mugenzi anadai samaki akishindwa kugeuka bila kukunja mkia, basi tangi limemwia dogo. Nikamjibu kwamba Meneja hageuki kwa sababu hana haja. Anajua kilichopo nyuma.

Alipoondoka nikampima Meneja kwa futikamba ya cherehani ya mke wangu. Sentimita sitini na mbili. Nikatoa mkia, maana mkia ni kama koti tu. Nikatoa na kichwa kidogo, upande wa mdomo. Arobaini na saba. Tangi lina mita nzima. Nafasi tele!

Jumatano, 22 Oktoba

Umulisa, mke wangu, naye kaanza. Ni muuguzi, hapendi kubishana na mtu anayekataa dalili. Kauliza kwa upole kama nimeona Meneja anarudi kinyumenyume kama lori. Nimesema huo ni ustadi.

Lakini nimepata wazo. Kioo! Kioo kikubwa cha kujitazamia, nimekibandika ubavuni mwa tangi. Papo hapo tangi likawa na mita mbili. Mugenzi akichungulia dirishani atazimia.

Saa kumi na mbili jioni. Meneja kagundua kuna kambare mwingine ndani ya kioo. Mkubwa. Mwenye kiburi. Hawakuelewana. Maji yalifika kwenye dari, kisha yakashuka juu ya makochi, juu ya mapazia, juu ya sare ya Umulisa iliyokuwa imepigwa pasi. Alienda kuleta deki, akanikabidhi.

Kioo nimekirudisha chumbani. Kina ufa. Sijaulizwa bado.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mkakati mpya: kubana chakula. Samaki akila kidogo, hakui. Ni hesabu nyepesi. Asubuhi nimempa nusu ya chakula chake.

Alinitazama. Sijui kama watu wanajua kambare anavyotazama. Macho madogo, kichwa kikubwa, mdomo mpana uliokaa kama unataka kusema "sawa, bosi, hakuna shida." Nikampa nusu iliyobaki. Mchana nikarudi nyumbani kwa kisingizio cha faili, nikampa vipande vya ini. Jioni, yai la kuchemsha, ili asidhani nimekasirika.

Kwa jumla kala mara mbili ya jana. Mkakati umesitishwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nguo bado zina tope, nitaandika hivyo hivyo.

Leo Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Mtaa mzima wa huku kwetu Kibagabaga tulikuwa kwenye mtaro, majembe mkononi. Nilikuwa namweleza Mugenzi kwamba samaki wangu ana furaha kuliko samaki wake wote ishirini wakijumlishwa. Ndipo Umulisa akapiga kelele kutoka nyumbani: "Papa Kaze! Papa Kaze, njoo! Meneja yuko chini!"

Sijui jembe nilitupa wapi. Kausukuma mfuniko, karuka. Nilimkuta barazani, kajikokota sebule nzima kwa mapezi yake, katapakaa vumbi, anapumua kwa shida. Nilipiga magoti. Nikashindwa kumshika. Anateleza.

Mugenzi ndiye aliyevua koti lake, akalilowesha bombani, akamfunga Meneja kama mtoto mchanga. "Pole, mzee, pole," alikuwa anamwambia. Samaki, si mimi. Akambeba mpaka kwenye tangi, akamshusha taratibu.

Ndipo nikaona. Pua ya Meneja ina kidonda. Cha zamani, kimechubuka na kupona na kuchubuka tena. Umulisa akainama, akakiangalia jinsi anavyoangalia vidonda vya watu.

"Anajigonga kwenye kioo, Papa Kaze," akasema. "Kila akitaka kugeuka. Si leo tu."

Nilisema ni mwanga mbaya wa sebuleni. Umulisa akawasha taa.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekaa mbele ya tangi tangu chai ya asubuhi, nikihesabu. Kajaribu kugeuka mara kumi na moja. Kafaulu mara mbili. Mara tisa karudi nyuma akatulia, kama mtu aliyesimama kuomba kitu kisha akaona aibu.

Nimempima upya. Sitini na mbili. Mkia ukiwemo, kichwa kikiwemo.

Umulisa aliporudi alinikuta nalia, nikasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu. Akakaa kando yangu, naye akavilia hivyo hivyo vitunguu.

Nimevuka barabara kwenda kwa Mugenzi. Ilikuwa ngumu kuliko usaili wowote. Ana binamu yake, Winifred, mfugaji wa samaki kule Rwamagana. Nikamuuliza Winifred kwa simu kama Meneja ataliwa. Akacheka, kisha akaona sicheki. Akaapa: ataingia bwawa la kambare wa mbegu, ambao hawauzwi wala hawaliwi.

Jumamosi, 1 Novemba

Safari. Pipa la plastiki, mfuniko wenye matundu, blanketi juu. Kituoni Nyabugogo, dereva wa basi akauliza nimebeba nini. Nikasema maziwa. Maziwa yakapiga mfuniko teke. Abiria mmoja mama akasema hajawahi kuona maziwa yenye nguvu hivyo, huyo ng'ombe anakula nini? Mugenzi, aliyekuja bila kualikwa, akasema ukweli wote. Dereva akataka kumwona. Kituo kizima kikataka kumwona. Meneja kawapungia masharubu, tukaruhusiwa kiti cha nyuma.

Bwawani niliingia majini na suruali ya ofisini. Nikamshika mpaka akatulia. Nikamwachia.

Akakaa palepale. Sekunde nyingi. Nadhani alikuwa anasubiri kioo. Halafu akageuka. Mzunguko mzima, mkia umenyooka. Akageuka tena, upande wa pili. Kisha akaondoka bila kuaga, na sikuona vibaya hata kidogo.

Mugenzi akanipa leso. Nikakiri kwake, kwa sauti, kwamba nilichelewa. Nilimwahidi Umulisa kwa simu: sasa nimeelewa, kiumbe akikua nitaona kwa macho yangu.

Jumapili, 2 Novemba

Nyumba kimya. Umulisa yuko zamu.

Niandike haraka. Jana wakati Mugenzi anakunywa chai, Winifred alinionyesha kijibwa. Wa mwisho, ambaye hajapata mwenyewe. Nikamleta ndani ya pipa tupu, chini ya blanketi, Mugenzi hajui. Yuko stoo sasa, nyuma ya magunia ya mkaa, analia kidogo. Nimemwita Naibu.

Ni wa aina ndogo kabisa. Ana wiki saba na ananifika gotini, kwa hiyo nadhani amefikia ukomo wake. Miguu ni minene, lakini huo ni uvimbe wa safari. Mama yake ni mkubwa kama ndama, hilo sikatai. Naibu kafuata upande wa baba. Baba hatujamwona.

Stoo ina mita mbili kwa moja na nusu. Nimempima bila mkia. Nafasi tele!