Ombi la Kurudishiwa Harufu ya Bwawa

Kwa Meneja wa Mabwawa ya Majitaka,

Mheshimiwa,

KUH: MATETE YANAYOELEA

Mimi ni fundi cherehani, nyumba ya mwisho kabla ya uzio wenu. Pokea kwanza pongezi, halafu malalamiko.

Mkutanoni ulitueleza kwamba maji yakishasafishwa mtamboni hubaki na uchafu kidogo, na kwamba mtaweka vitanda vya matete vinavyoelea juu ya bwawa. Mizizi ingening'inia majini, na vijidudu vinavyojishikiza humo vingekula masalia kabla maji hayajaingia mtoni. Tulipiga makofi. Hukutuonya kwamba yangefanya kazi.

1. Harufu imekwisha. Tangu niolewe, mama mkwe hakuwahi kulala kwetu. Alikuja, akaziba pua kwa mtandio, akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Kwa utaratibu huo tulipendana sana. Safari hii alivuta pumzi mlangoni, akauliza bwawa limehamishiwa wapi, akavua viatu.

2. Wamekuja bata. Mume wangu, asiyejua mpaka leo mapazia yetu ni ya rangi gani, anajua bata yupi ametaga. Yeye na mama yake hushinda uzioni, nami nawapelekea chakula huko huko.

3. Mama mkwe, kwa kuwa sasa anakaa, anaona. Amenifundisha upya kukosha sufuria na kupika wali ambao mwanawe ameula tangu harusi bila kulalamika. Jumapili aliyatazama matete, akashusha pumzi, akasema, "Hapa ndipo nitakapozeekea." Mheshimiwa, amekwisha kuzeeka. Sijui anataka kuongeza nini.

4. Kwa hiyo ng'oeni matete. Ikishindikana, bwawa linuke walau mwisho wa wiki. Na ombi hilo nalo likiwa gumu, mwajirini mama mkwe awe mkaguzi wa matete, pamoja na malazi. Hakuna tete litakalothubutu kulegea.

Nisalimie wahandisi, mlinzi wa geti, na yule dada wa mapokezi anayejitahidi asinicheke mbele yangu.

Wako ninayevuta hewa safi bila kupenda,

Fundi wa Nyumba ya Mwisho

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mama mkwe ameondoka kwenda kumuuguza wifi yangu. Nyumba imepooza. Jana nilimaliza gauni, nikageuka nimwonyeshe, kumbe hayupo. Amepiga simu kuuliza bwawa la pili, la upande wa chumba chake, litawekewa matete lini, maana akirudi angependa kufungua dirisha. Mheshimiwa, lini? Kama tatizo ni watu wa kupanda, mimi na mume wangu tupo.