Lenzi ya Marehemu

Mambo yalimharibikia Bwanamkuu wa Shela siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, baina ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo mji wa Amu, ndio Lamu, hujinyoosha na mwenye akili hafanyi biashara. Ijumaa kabla ya hapo alikuwa mtu mwenye furaha zake, maana siku hiyo ndiyo alipomwona Ronald.

Ronald alikuwa daktari wa meno kutoka Nairobi, amevaa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Alikuwa ameketi kwenye ukuta wa bahari pale Shela, anamlenga kwa kamera yangeyange, ndege mweupe, aliyesimama kwa mguu mmoja kama mtu anayesubiri huduma ofisini. Bwanamkuu hutembeza wageni, kwa kibali au bila kibali, kulingana na askari aliye zamu. Alikuwa anapita zake, jicho likanasa. Kamera ilikuwa mpya. Lenzi iliyofungwa mbele yake ilikuwa kongwe, ya chuma, ya kuzungushwa kwa mkono.

"Boss, hiyo lenzi si ya juzi."

"Unajua lenzi, kumbe?"

"Nazijua kwa sura tu," akajibu Bwanamkuu kwa unyenyekevu, na unyenyekevu wake huo umewagharimu wengi.

Ronald akafurahi kupata msikilizaji. "Hizi mpya zinafanya kila kitu zenyewe. Picha inatoka safi, lakini ni kama chakula cha hospitali. Ya zamani inakulazimisha utulie. Unazungusha pete polepole, unamngoja ndege, mpaka manyoya yake yakae sawa machoni. Na raha yake, watu wanazo na hawajui! Juzi kuna mzee anazuilia mlango na moja. Nikampa pesa ya soda, nikaichukua." Akacheka mpaka yangeyange akaruka.

Katika kicheko hicho Bwanamkuu aliiona ndia ya kupita. Mtu anayecheka kwa sababu amempunja mzee amekwisha kumeza chambo mwenyewe. Kilichobaki ni kumvuta taratibu.

Sasa tuseme kweli, hata mjanja ana kitu anachokipenda. Bwanamkuu alikuwa na lenzi moja ndefu aliyorithi kwa mgeni mmoja wa Uswidi, mzee aliyekuja kila mwaka kuangalia ndege, mpaka mwaka ambao hakuja tena. Kwa lenzi hiyo Bwanamkuu alikuwa akivuka alfajiri mpaka kwenye mikoko ya Manda, akiketi kwenye matope bila kusema uongo hata mmoja, jambo ambalo kwenye nchi kavu hakuliweza. Alimpata mdiria akitoka majini na samaki mdomoni, kila tone la maji limesimama hewani, na nyuma yake mikoko imeyeyuka kama sukari ndani ya kahawa. Lakini chumvi iliiua kamera yake, na lenzi bila kamera ni jicho lisilo na kichwa. Alitaka kamera nyingine. Lenzi hakuwa tayari kuiuza.

Na pia alikuwa na pacha yake. Ilitupwa na hoteli moja baada ya kukaa kabatini misimu mingi, na unyevu wa pwani ukaiotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa ndani, ile ya kwanza ilikuwa mchana na hii ilikuwa ugonjwa wa macho.

Hesabu ikakaa. Aonyeshwe nzima, auziwe mbovu. Ila mabadilishano yafanyike wapi, mbele ya mtu mwenye macho mawili na kizibao cha mifuko? Bwanamkuu akalala juu ya swali hilo, akaamka na jawabu: nyuma ya pazia la mwanamke aliye edani, mfiwa asiyeonana na wanaume wageni.

Jumamosi akaenda Amu kwa Bi Radhiya, binamu ya mamake, nyumba ya mawe kule mtaa wa Mkomani.

"Mama mdogo, nataka uketi eda."

"Ya nani?"

"Ya marehemu mumeo."

"Bwanamkuu, mume wangu ana miaka tisa kaburini. Eda yake nimeimaliza, na nguo nilizoketia nimepigia deki."

"Siku moja tu. Marehemu hatakasirika."

"Marehemu alikuwa akikasirika hata chai ikipoa." Akacheka, akakubali, kwa ahadi ya fungu lake.

Hapa msimulizi anaomba nafasi ya neno moja. Mwanamke akifiwa ana eda: ataketi, atalishwa, ataulizwa hali. Mwanamume akifiwa hupewa mkono wa pole, na kabla mkono haujapoa anaulizwa ataoa lini. Wakubwa wanaunda kamati ya kila kitu, hata ya punda. Ya hilo hawajaunda. Tuendelee.

Bwanamkuu akatundika pazia zito baina ya sebule na ndani, akaacha nyuma yake kikapu chenye lenzi mbili: ya kulia nzima, ya kushoto mbovu. Akamfundisha Bi Radhiya maneno yote, kwa sauti, mara nyingi, madirisha yakiwa wazi.

Jumanne ikafika. Ronald, aliyekwisha kuambiwa na Bwanamkuu habari za mjane na lenzi ya mumewe, aliingia sebuleni amevua viatu, amevaa sura ya msiba, na macho yake yanatafuta mtu wa kupunja.

"Hodi, mama," akasema Bwanamkuu. "Nimekuja na yule mgeni."

Nyuma ya pazia kikatoka kilio cha chini, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa leso. Bwanamkuu akafurahi moyoni. Jumamosi hakulia vizuri hivi.

"Karibuni," sauti ikasema. "Siwaoni, wala musinione. Mambo ya eda hayo."

"Pole sana, mama," akasema Ronald. "Nasikia mzee alikuwa na lenzi."

Lenzi ikasukumwa chini ya pazia, imelazwa juu ya kitambaa. Ronald akapanda nayo darini, juu ya nyumba, Bwanamkuu nyuma yake. Akaifunga kwenye kamera, akazungusha pete, akamtafuta mwewe aliyekuwa akizunguka juu ya makuti. Akapiga picha. Alipoitazama aliikuza mara tatu, na Bwanamkuu, aliyeijua sababu, akaona wivu kama mtu anayemwona mkewe akisifiwa sokoni.

Waliposhuka, Ronald alikuwa ameshavaa uso wa mnunuzi. "Ni ya zamani sana, mama. Naweza kukusaidia na bei ya kuku."

Kilio kikapanda. "Kuku! Marehemu alilala nayo kitandani, mimi akaniweka upande wa ukutani! Kuku!"

"Basi bei ya mbuzi."

"Mbuzi marehemu alimlisha mwenyewe. Nikimkumbuka mbuzi namkumbuka yeye." Kilio kikavunja mlango.

Bwanamkuu akainamisha kichwa kuficha meno. Maneno hayo hakumfundisha. Kipaji hiki kilikuwa wapi siku zote?

"Bei ya ng'ombe," akasema Ronald, jasho likimtoka.

"Ng'ombe wa maziwa?"

"Wa maziwa, mama."

Kilio kikakatika kama redio iliyozimwa. Pesa zikapita chini ya pazia, lenzi ikarudi ndani. "Kitu cha maiti hakitoki nyumbani mwangu bila kufukizwa udi," sauti ikasema, na hayo yalikuwa mafundisho ya Bwanamkuu yenyewe. Moshi mtamu ukajaa sebuleni. Kisha furushi likatoka, limeshonwa kwa uzi mweusi. "Usilifungue mpaka uvuke maji. Ukilifungua nti hii ya Amu, radhi ya marehemu haitakufuata."

Ronald akaapa. Bwanamkuu akamsindikiza mpaka kwenye mashua ya uwanja wa ndege, ng'ambo ya Manda, akampungia mkono kwa upendo wa kweli, akarudi Mkomani karibu anakimbia.

"Mama mdogo! Amekwenda! Nipe changu."

Pazia halikutikisika. Moshi tu.

"Lenzi kwanza, pesa tutagawana."

Hakuna kilichosukumwa chini ya pazia. Mtu mwingine angevuta pazia. Lakini mjanja wa Amu anaweza kumuuzia imamu kilemba chake mwenyewe, na bado hatavuta pazia la mwanamke bila kuruhusiwa. Akasimama pale anabembeleza kitambaa. Akaongeza fungu la Bi Radhiya hata likawa nusu, kisha nusu na ziada.

"Bwanamkuu," ikasema sauti nyuma yake, "wafanyani na pazia langu?"

Alikuwa Bi Radhiya, amesimama mlangoni na buibui lake na mfuko wa safari, viatu vina mchanga.

"Watoka wapi?"

"Tchundwa. Mwanangu alishikwa na uchungu wa kuzaa Jumapili, nikapanda mashua. Ndiyo nashuka sasa hivi."

"Yeo ndiyo washuka? Na hukuniambia?"

"Nilikupigia, hukushika. Nikawaachia salamu wanawake pale gatini, waliokuwa wakisubiri mashua na waliokuja kusindikiza. Nikawapa na kisa chote. Tulicheka mpaka nahodha akatukemea."

Bi Radhiya akavuta pazia, lake mwenyewe. Chetezo cha udi kilikuwa bado kinafuka. Kikapu kilikuwa na lenzi moja, pesa hakuna. Kwenye ukuta wa ndani, mlango wa wikio ulikuwa wazi, ile njia ya juu inayovuka kichochoro, ambayo wanawake wa Amu hupita nyumba hadi nyumba bila kukanyaga chini. Ng'ambo yake wikio lingine, na baada ya hilo mtaa mzima.

Bwanamkuu akainua lenzi, akaielekeza dirishani, akaona nyuzi nyuzi.

Simu ikalia. Ronald ametuma picha kutoka Manda: mdiria juu ya nguzo ya uwanja, kila unyoya peke yake. Chini yake ameandika: "Niko uwanjani, nimefungua. Safi kabisa! Mwambie mama asante, ni mtu mwaminifu sana."

"Aliyekuwa hapa ametimiza ahadi yako," akasema Bi Radhiya, "kuliko ulivyotaka wewe."

Polisi Bwanamkuu hawezi kwenda, na angekwenda wangemuuliza kibali. Amepita nyumba moja moja akidai anatafuta paka. Wanawake humsikiliza kwa huruma, humpa kahawa, na akitoka kichochoroni husikia kicheko kikipita juu ya kichwa chake kutoka ukuta huu kwenda ule. Basi wewe msomaji, kama una jamaa Mkomani, muulize: ni nani aliyemlilia mume wa Bi Radhiya siku ile?