Nyumba Imeshiba Oili

Redio alikuja mbio na povu la sabuni bado mkononi, maana kinyozi huyu akipata habari hawezi kuikalia. Mimi nilikuwa namimina chai yangu, ile wanayosema imepitiwa na kivuli tu cha majani. Hata salamu sikupewa.

"Jamani, mmesikia? Wakaguzi wameingia barabara kuu! Gari likidondosha oili, hata tone, linavutwa hadi kituoni, na dereva anarudi kwao kwa miguu!"

"Na mteja wako umemwacha wapi?" nikamwuliza.

"Yupo kwenye kiti, Bibi. Shavu moja tayari."

Wote kwenye benchi wakageuza shingo kuitazama Nyumba. Ndivyo tunavyoliita gari la Kapteni: basi dogo kuukuu, ndani lina kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua, limeegeshwa ukutani hatua chache kutoka kwenye birika langu. Chini yake kuna karai la kukinga matone. Kapteni ameendesha mabasi ya watu maisha yake yote. Alipostaafu akanunua la kwake, akalipaka rangi mwenyewe, akamwahidi mkewe kwamba sasa watatembea kama watu.

"Habari nyingine si ungeiacha mpaka kesho?" Kapteni akanung'unika, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. "Safari ni leo."

Na alikuwa na haki ya kunung'unika. Binti yao kajifungua pacha, anaishi mbali, siku nzima ya njia. Mkewe alishampa neno: basi la mchana likipiga honi na Nyumba haijaondoka, yeye anapanda basi, Kapteni abaki. Akirudi, Nyumba inapewa jirani afugie kuku.

"Kuku nao watakataa," Redio akasema. "Kuku gani atatagia kwenye joto lile? Atatoa mayai ya kuchemsha!"

"We cheka tu. Jumamosi nimeijaribu, haikumaliza hata mlima wa shule. Mvuke ulinifumba macho, nikaendesha kwa kukisia."

"Nilikwambia ni gasketi," akasema Spana. Huyu katengeneza baiskeli miaka mingi, na kwa maoni yake gari ni baiskeli mbili zilizooana. "Gasketi ya juu imekufa. Oili inapita inavyotaka, kama iko kwao."

Mheshimiwa akasimama, akajikohoza. Alishindwa uchaguzi, lakini kusimama hakuacha.

"Ndugu wananchi..."

"Wananchi gani, mbona tuko wanne na Bibi?" Redio akadakia.

"Kwenye mikutano yangu hiyo ni halaiki," akajibu bila kuona aibu. "Ndugu wananchi, suala la uvujaji linahitaji kamati."

"Linahitaji nati!" Spana akasema. "Kaa chini, umemkinga Kapteni asipate hewa."

Nilikuwa bado nacheka nikamwona mke wa Kapteni anakuja, begi begani, kiti cha mtoto kimoja kila mkono. Akaweka vitu chini taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitika. "Kaa unywe chai."

"Heri nisikae, mama. Nikikaa hapa nitakuwa mwanakijiwe." Akamgeukia mumewe. "Haya, baba. Inaondoka au naenda stendi?"

Kapteni akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Oili tu, mama watoto. Naiongeza kidogo halafu..."

"Unaongeza tena? Si jana jioni umeiongeza?"

"Kila jioni naiongeza. Nikiona karai lina oili, najua ndani imepungua."

"Jioni?" Spana akainua kichwa. "Mbona mimi naiongeza mchana?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Nikipita naona karai, nakuonea huruma, namimina. Rafiki ni rafiki."

Redio akaanza kutazama viatu vyake. Mke wa Kapteni, Mama tunavyomwita sote, akamwona.

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi asubuhi tu, shemeji. Kabla sijafungua saluni. Kidogo sana. Kikopo kile."

"Kikopo kipi?"

"Kile cha maziwa."

"Kikubwa au kidogo?"

Redio akaficha mikono yenye povu mgongoni. Mama akashusha pumzi, akauliza kwa upole uleule anaoongelea na watoto.

"Na kijiti cha kupimia oili nani alikitazama?"

Wakatazamana. Kapteni akajikuna sikio. "Kijiti nilikorogea rangi."

"Kile chuma kirefu chenye kichwa cha duara?" Mama akashika kiuno. "Kile ndicho kinashikilia dirisha langu la jikoni! Kimbia ukakilete!"

Mzee wa watu akakimbia, sijawahi kumwona anakimbia hivyo. Aliporudi wakakisugua rangi ikatoka, wakakichomeka. Kikatoka kimelowa oili mpaka kunako shingo. Alama ya juu kabisa haikuonekana.

"Hii haivuji," Spana akanong'ona. "Hii inatapika."

"Nyie watu!" Mama akasema. "Mnamlisha asubuhi, mchana na jioni, akicheua mnasema ana njaa!"

Akazunguka mbele, akainama kwenye matundu ya kupitishia hewa. "Na huyu anayenitazama humu ndani ni nani?"

Mheshimiwa akakaa chini bila kuambiwa.

Mama akaingiza mkono, akavuta. Likatoka bango gumu la kampeni, uso wa Mheshimiwa umekunjamana kwa mvuke, tabasamu limeshuka upande mmoja.

"Lilikuwa limebaki," akajitetea. "Nikalipachika mbele ya rejeta, pale injini inapopozwa, lizuie vumbi. Na pia, nikasema, huko mikoani wanione."

"Ndiyo maana gari limekosa hewa!" Redio akaruka juu. "Hata sisi ukianza kuhutubia tunakosa hewa!"

Tulicheka mpaka mteja wa Redio akatokea, taulo shingoni, shavu moja laini na jingine msitu, akauliza kuna nini. Tukazidi kucheka.

Basi Spana akaingia uvunguni, akafungua nati ya chini. Karai likajaa, wakaleta jingine, wakaazima na ndoo ya saluni. Kijiti kilipofika kwenye alama yake, akafunga, akakaza na nati za kifuniko cha juu moja moja. Kapteni akawasha. Nyumba ikanguruma, ikatulia. Tukasubiri, tukasubiri. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, ukakaa.

Chini likaanguka tone moja.

Kapteni akafumba macho. Stendi, basi la mchana likapiga honi.

Mama akalitazama lile tone, akautazama uso wa mumewe.

"Hilo tone Spana ataliziba. Kaza tena hapo, shemeji, halafu nipandishieni viti vya wajukuu."

Waliondoka tukipunga mikono kama wameoana leo. Jioni, watu wamerudi kijiweni, simu ya Redio ikalia. Akaiweka kwa sauti kubwa.

"Tumesimama," ilikuwa sauti ya Kapteni. "Juu mlimani."

Spana akashika kichwa. "Moshi upo?"

"Upo."

"Unatoka wapi? Boneti?"

"Dirishani. Mama kawasha jiko, anapika chai. Anasema tangu asubuhi ana hamu ya chai yenye majani."

Wote wakanigeukia mimi. Nikaanza kukusanya vikombe.