Risasi Tumboni mwa Ndama

Dada yangu Zalifa alishuka bandarini Mutsamudu akitokea Moroni, mji mkuu, na kabla hajatua mkoba akaninong'oneza uvumi wa vichochoro vya mtaa wao wa Badjanani: kuna mtu anawapiga risasi ndama wa serikali, na risasi inaanzia ndani. Ngozi haitoboki. Tumbo ndilo linalotoboka.

Nilimwambia ni upuuzi, kisha nikaunguza wali. Ndama wa serikali wako Patsy, juu ya mji wetu, na anayewanywesha maziwa ni mwanangu Ridjali.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba uvumi huo si kweli, na kwamba kwa ajili hiyo imeundwa Tume ya Kuchunguza Shambulio dhidi ya Matumbo ya Taifa.

Ninaandika haya kwa akina mama wenzangu ambao watoto wao wamepata kazi. Mimi shule yangu ni darasa la nne, kwa hiyo yasiyo na akili nitayaeleza kama nilivyoelezwa: kwamba yana akili.

Mnajua ilivyokuwa wazungu wa kukodiwa walipoingia. Walikuja kupigana, vita vikaisha upesi, bunduki zikabaki. Mmoja wao akapewa ng'ombe. Akaitwa Kamanda wa Mifugo, na shamba akaliendesha kwa nidhamu. Ndama akizaliwa anatengwa papo hapo, maana askari haishi na mama yake. Asubuhi wanapangwa mstari mbele ya bendera, bunduki zinafyatuliwa hewani ili wazoee. Maziwa yanakwenda kwanza kwenye kahawa ya wakubwa, kisha kwenye siagi yao, na yanayobaki wanapewa ndama jioni, yakiwa baridi, mara moja. Wenye njaa waliyafakamia. Wengine walilamba mchanga. Hilo lilihesabiwa kuwa ukakamavu.

Basi ndama wakaanza kusaga meno. Kinyesi kikawa cheusi kama lami. Mmoja akafa, kisha mwenzake. Bwana mifugo, Fakri, akampasua wa pili mbele ya Kamanda, akafungua tumbo, akaonyesha tundu.

"Hawa wana vidonda vya tumbo," akasema.

Mkalimani alikuwa Mouigni, kijana wa Itsandra aliyejifunza Kifaransa kambini. Kifaransa kina neno lake la kidonda kinachoota tumboni, na kina jingine la jeraha la risasi. Mouigni alilijua hilo la pili tu.

Kamanda akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha, akasema bunduki ya tundu hilo anaifahamu. Fakri akafungua kinywa aeleze. Akatazama bastola kiunoni mwa Kamanda, akaona nayo tundu lake ni la duara, akafunga kinywa.

Kutoka Moroni akaja Mwenyekiti wa Tume, Bwana Sounhadj, na suti ya sufi kwenye joto lile. Tume ikakaa, ikala, ikatoa amri, Kamanda akaitia sahihi, redio ikaisoma:

"Ibara ya kwanza: kila mwenye jeraha tumboni pasipo alama kwenye ngozi ni kielelezo cha serikali. Ibara ya pili: kielelezo hakitoki zizini mpaka kesi iishe, na kitaendelea na ratiba ya zizi. Ibara ya tatu: aliyekilisha mwisho ndiye mhalifu."

Ridjali akafungiwa kwenye ghala la majani.

Miaka ile kila mtaa ulikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe alichukuliwa asirudi, na watu wakimwona wanapunguza sauti. Sikutaka wa mtaa wetu awe ni mimi. Nikapanda Patsy na bakuli la kisamvu. Langoni nikamkuta Combo, niliyemjua tangu hajavaa suruali.

"Combo, mwanangu, nifungulie."

"Mama Ridjali, hapa mimi si Combo. Mimi ni Ulinzi wa Lango la Pili."

"La kwanza liko wapi?"

"Halijajengwa."

"Na mwanangu?"

"Mhalifu hajambo. Anauliza kama umeleta achari."

"Watamfanya nini?"

Combo akatazama viatu vyake. "Kesho anapelekwa Moroni kwa boti ya jeshi."

"Atafika?"

"Amri inasema atapelekwa, mama. Ya kufika haikuyataja."

Nikakaa chini pale pale langoni, bakuli mapajani.

Ndani, Bwana Sounhadj alikuwa akimwandalia Kamanda chakula cha kuagana. Kwetu mgeni wa heshima unampakulia kwa mkono wako, na sahani yake ikionekana nyeupe umejiaibisha. Bwana Sounhadj, aliyekuwa akiutaka ukurugenzi, hakutaka kujiaibisha. Akampakulia wali, akampakulia samaki, akampakulia putu, ile pilipili yetu ya kusaga, kijiko juu ya kijiko. Na Kamanda tangu ndama wafe alikuwa akiishi kwa kahawa na wiski, na yeye pia akisaga meno.

Akaanguka mezani. Akatapika weusi kama mashapo ya kahawa.

Daktari akaletwa kutoka mjini, akambonyeza, akasema, "Vidonda vya tumbo. Vya siku nyingi."

Mouigni akatafsiri kwa uaminifu uleule.

Askari wakamvua Kamanda shati. Ngozi nzima. Wakatazamana.

Habari ilipofika langoni nikainuka, nikauliza kwa sauti ya mwanamke asiyejua kitu: "Combo, Kamanda alipopigwa, Ridjali alikuwa wapi?"

"Ghalani. Nimemfungia mwenyewe."

"Kwa hiyo ni yeye?"

Combo akafikiri. Nilimwona akifikiri, haikuwa kazi ndogo. "Haiwezekani. Ibara ya tatu ni aliyemlisha mwisho."

Akaingia ndani na ibara yake, nami nyuma; wote mezani wakageuka. Bwana Sounhadj alikuwa bado ameshika kijiko.

Ridjali akatoka ghalani na majani kichwani, Mwenyekiti akaingia na suti yake. Kamanda akabebwa hadi zizini, akawekwa kati ya ndama. Akapiga kelele atolewe apelekwe uwanja wa ndege, kwa kuwa amri ile ni yake mwenyewe.

"Ndiyo, mkuu," Combo akamjibu, Mouigni akitafsiri. "Ndiyo maana tunaitii."

Jioni akapewa maziwa. Baridi, mara moja. Asubuhi wakamfyatulia bunduki hewani, ili azoee.

Basi, mama wenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usimtenge ndama na mama yake mapema. Wala mtoto wa yeyote.

Usimpe maziwa baridi, wala ya mara moja kwa siku.

Usipige bunduki karibu na anayekula.

Akisaga meno na kinyesi kikiwa cheusi, usingoje tume.

Mbele ya mwenye bunduki usiseme "kidonda". Sema tumbo linamsumbua.

Usimpakulie mkubwa. Ana mikono.