Basi Lisilorudi Nyuma

Jumatatu, 20 Mei

Tumefungwa tena. Tatu bila, ugenini. Mwenyekiti wa klabu amemwambia kocha wetu, Mwalimu Septimiu, kwamba Jumapili tusiposhinda timu inashuka daraja, naye afungashe virago. Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nachora mstari wa chaki chini ya dirisha la ofisi. Mstari umepinda.

Mwalimu alikuwa beki zamani. Beki hasa! Pua imevunjika kushoto na kulia, goti linalia kama mlango wa zizi. Nilipofika hapa Plopșoara kutoka kwetu Vaslui, mkoa wa mbali, na begi moja na elimu ya darasa la sita, yeye ndiye aliyenipa mashine ya kukata nyasi na kitanda chini ya jukwaa. Watu wa huku hucheka lafudhi yangu. Yeye hula nami sima na jibini, sufuria moja. Hafukuzwi mtu hapa. Nitalishughulikia.

Jumatano, 22 Mei

Mpango umeiva. Ukikutana na mwanamke mwenye ndoo iliyojaa, siku yako imejaa bahati. Ndoo tupu, mkosi. Nimemwomba Bibi Safta, jirani wa uwanja, asimame langoni na ndoo ya maji Mwalimu akija mazoezini. Amekubali kwa chupa ya pombe ya plamu. Ameitaka kwanza.

Ijumaa, 24 Mei

Aibu! Mwalimu alichelewa kwa sababu ya goti. Bibi Safta akachoka kungoja, akazinyweshea nyanya zake ndoo nzima. Mwalimu akatokea pale pale, ndoo ikiwa tupu. Vichente, dereva wa basi la timu, alicheka mpaka akaegemea tairi. Akaniuliza kama kwetu Vaslui waganga wote ni vikongwe walevi. Huyu hanipendi tangu nije. Nikisema mvua inakuja, yeye anaanika mashuka.

Mwalimu aliichukua ndoo. Akachechemea hadi bombani, akaijaza, akambebea bibi mpaka mlangoni kwake. Nilijifanya natafuta shimo la fuko kwenye nyasi. Macho yalikuwa yananiwasha.

Jumamosi, 25 Mei

Mpango mpya. Huu ni wa akili! Siku ya mechi basi la timu halirudi nyuma hata hatua moja. Hata mtoto mchanga anajua. Dereva akirudisha basi, amerudisha bahati, na wachezaji wanaingia uwanjani wameshafungwa. Sasa, njia ya mbele ya kuingia uwanjani ni nyembamba, ukuta huku, mfereji kule. Kesho nitamwaga mchanga katikati. Basi la wageni litafika, litakwama, litarudi nyuma. Kwisha!

Vijana wetu watakuwa wanatoka kula mgahawani. Nimemwambia Vichente awapitishe njia ya nyuma. Nimemwambia kwa ukali, ili aelewe.

Jumapili, 26 Mei

Vichente kapita ya mbele. Kwa kuwa mimi nilisema ya nyuma!

Basi letu likasimama pua ikigusa mchanga wangu. Vichente akaapa harudi nyuma hata wamnyonge, yeye ana watoto, hataki mkosi. Timu nzima ikashuka kuchimba. Mwalimu akavua koti la suti, akachukua sepetu. Akachota, akaukagua mchanga kiganjani.

“Huu ni wa uwanjani kwetu, Ghiță.”

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

“Haya, shika upande ule. Wa kulia goti langu haliupendi.”

Tukachimba bega kwa bega. Afadhali angenitukana.

Wageni? Walishafika zamani, kwa magari yao wenyewe, kupitia nyuma. Klabu yao haina basi. Walikaa kwenye ukuta wakitafuna mbegu za alizeti, wakatushangilia tulipomaliza.

Tumefungwa moja bila, dakika za mwisho. Miguu ya vijana ilikuwa imeishia mchangani. Nilimkuta Mwalimu kwenye benchi peke yake, nikamwambia mimi ndiye niliyemwangusha.

“Tumefungwa msimu mzima bila msaada wako,” akasema. “Usijipe sifa zisizo zako, ndugu yangu.”

Kisha akaniwekea mkono kichwani kama mtoto. Nina miaka hamsini na moja. Sikuusogeza.

Jumanne, 28 Mei

Amefukuzwa. Mwenyekiti kampa mkono na saa ya ukutani. Lakini kuna kijiji huko milimani, timu ya wachunga kondoo na wakata magogo, nao wanamtaka. Amekuja kunikuta nikilia juu ya mashine. Kanionya kwamba huko ni mbali zaidi na kwetu. Nikamjibu kwetu ni mbali na kila mahali.

“Nahitaji mtu wa nyasi,” akasema. “Wa nyasi tu. Umenielewa?”

Nimeapa kwa jina la mama. Nimeapa na kwa jina la baba, kwa uhakika zaidi.

Vichente katupeleka, ananuna, lakini mashine kaifunga vizuri kwa kamba na blanketi lake mwenyewe. Kabla ya kijiji kuna daraja la mbao. Jembamba. Kila timu ngeni lazima ipite hapo, njia nyingine hakuna. Mwalimu alikuwa amesinzia, kichwa begani kwangu, kwa hiyo sikumwamsha kumwonyesha.

Kando ya daraja anaishi mchunga kondoo mmoja, mtu mzuri sana. Jioni nimemrudia, tumeshazungumza. Kondoo ni wengi, na Jumapili hawana kazi.