Mifuko ya Halloran

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Kampuni iliyonunua jumba letu la maduka, hapa nje ya Cleveland, inaleta mkaguzi Alhamisi. Likionekana limekufa, linavunjwa, na kibanda changu cha mikate ya kusokotwa kinakwenda nalo. Na kweli limekufa. Tumebaki mimi, Lorraine muuza mawigi, na bwawa la kurusha maji lisilorusha kitu. Lakini mimi, Duane Pavlik, sishindwi! Kila asubuhi wazee wa matembezi hukimbia barafu ya nje, huja kuzunguka humu ndani na viatu vyao vyeupe. Hawanunui hata pipi. Alhamisi watakuwa wateja.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaomba wazee kila mmoja aje na mfuko wa dukani, aujaze magazeti, atembee kama mtu aliyetoka kununua. Norbert, kiongozi wao, akauliza watapata nini. Mkate mmoja kila mtu. Akataka na siagi. Mnyonyaji! Nikakubali. Lorraine akasema, Duane wee, njia ya mwongo ni fupi. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Wazee wamekuja wote, mifuko mkononi. Yote ya Halloran! Duka lililofungwa zamani, hata herufi za jina lake zimeng'olewa ukutani. Kumbe mtaa mzima umeitunza mifuko ile chini ya sinki, maana mfuko mzuri hautupwi. Tena hawakusimama popote. Walizunguka mbio, upande uleule wa siku zote. Norbert na sweta lake jekundu alimpita mkaguzi, Bi Yolanda Pruitt, mara nyingi hadi wakaanza kupungiana mikono. Nikajificha nyuma ya oveni.

Bi Pruitt akaushika mfuko mmoja, akauliza umetoka wapi. Norbert, asiye na siri, akamweleza yote, pamoja na siagi. Nikajua nimekwisha. Bi Pruitt akacheka hadi akakaa ukingoni mwa bwawa. Mama yake alikuwa akiuza kofia pale Halloran. Akaomba mfuko, akaanza kuzunguka nao. Na mimi nikazunguka. Hata Lorraine. Sijafurahi hivyo miaka mingi.

Ijumaa, 14 Machi

Wameamua. Maduka yanavunjwa, zinajengwa fleti za wazee na kliniki ya moyo. Lakini ukumbi wa katikati unabaki, wa kutembea, na bwawa litarusha maji tena. Kibanda changu kinabaki pia, mlangoni kabisa mwa kliniki. Lorraine naye anabaki. Hakuna furaha isiyo na doa.

Alinikumbatia, akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza sana: mifuko haifai. Kliniki ikikosa wagonjwa nayo itafungwa, na daktari wake anakuja Jumatatu kutazama mahali. Nimeshazungumza na Norbert. Wazee wote watakuja na magongo, wakichechemea. Ameomba siagi mara mbili.